Duara la wasomaji kwa walimu watarajiwa: karatasi za majukumu zisikae muda mrefu

Mwanachuo aliyekariri dhamira za tamthiliya kutoka kwenye kijitabu cha uchambuzi anaweza kufaulu mtihani wa fasihi. Kisha atapangiwa shule Kibondo au Buhigwe, na dhamira zilezile ataziandika ubaoni, wanafunzi wanakili. Mimi ni mkufunzi wa Kiswahili hapa Kasulu, na hili linaniuma. Ndiyo maana natetea duara la wasomaji: kikundi cha watu watano au sita wanaosoma kitabu kimoja na kukutana kukijadili, mkufunzi akiwa pembeni.

Aliyeieneza sana mbinu hii ni Mmarekani Harvey Daniels, katika kitabu chake cha 1994 kilichotokana na kazi za walimu wa Chicago. Kila msomaji hupewa jukumu: mmoja anatunga maswali, mwingine anateua vifungu vya kusomwa kwa sauti, mwingine anachora, mwingine anahusisha kisa na maisha yao. Karatasi za majukumu husaidia mwanzoni, hasa kwa wale ambao tangu shule ya msingi hawajawahi kuulizwa wanafikiri nini kuhusu hadithi. Lakini zikikaa muda mrefu, kila mtu anasoma alichoandika, anakaa, zamu inapita, na mjadala haupo. Daniels mwenyewe alilionya hilo katika toleo la 2002. Mimi naziondoa mapema, mara tu wanapoanza kukatizana kwa hoja.

Nakala ni chache, kwa hiyo kikundi kinasoma kwa sauti kwa kupokezana. Kwa tamthiliya hilo ni faida, kwa sababu sauti inafichua nani ameelewa.

Chukua *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kinjeketile ndiye aliyewapa wapiganaji maji waliyoamini yatawakinga na risasi. Mwishoni yuko kizuizini, na mwenzake Kitunda anamsihi akiri kwamba maji yale yalikuwa uongo. Anakataa. Je, alifanya sawa, ilhali watu wamekufa kwa kuyaamini maji hayo? Swali hili hugawa darasa. Wapo wanaosema kiongozi anawiwa ukweli na waliobaki hai. Wapo wanaoshikilia kwamba akikiri, mkoloni atawaambia watoto wao kuwa hata kupigana kulikuwa kosa. Hapo mtu huniuliza, "Mwalimu, jibu sahihi ni lipi?" Nami humwomba anisomee mstari uliomfanya aegemee upande wake.

Baada ya hapo ndipo ije kazi ya ubunifu. Naipenda ngonjera, aliyoipa nguvu Mathias Mnyampala baada ya Azimio la Arusha la 1967, maana umbo lake lenyewe ni mabishano. Kikundi kinatunga ngonjera kati ya Kitunda na Kinjeketile, na kila ubeti unaandikiwa pambizoni sehemu ya tamthiliya unakotoka. Sharti hili silegezi. Ngoma na mavazi hupendeza sana jukwaani, lakini onyesho ambalo lingeweza kutungwa na mtu asiyefungua kitabu halijafundisha fasihi, na alama zake ziwe ndogo hata kama ukumbi mzima umeshangilia.

Kuhusu kutegea: alama ya kikundi peke yake huwalinda wategaji na kuwavunja moyo wanaojituma. Kila mmoja anatetea ubeti mmoja kwa mdomo, tena nauchagua mimi.

Kwenye mazoezi ya kufundisha mwanachuo atakutana na darasa lililojaa hadi mlangoni. Asianze kupanga madawati upya. Benchi la mbele ligeuke kutazama la nyuma, kikundi kimepatikana. Kidato cha pili wapewe onyesho moja na swali moja, na lisomwe lote kwa sauti kabla ya yeyote kuruhusiwa kutoa maoni.