Patapon si gemu ya vidole vyepesi

Juzi jioni tulikuwa tunapasha ngoma. Moto wa makuti, msondo umelazwa, ngozi inatazama joto, mtu anaigongagonga kwa ncha ya kidole kusikiliza kama imekaza. Kijana mmoja wa kundi letu akatoa PSP yake, mashine ya gemu ya mkononi iliyochunika rangi, akampa kaka yetu mpiga vumi, ile ngoma ya sauti nzito, ajaribu Patapon. Kaka akabonyeza haraka haraka kama anayekimbizwa, vile vijitu vikajikwaa mara tatu, akairudisha.

"Chukua, mdogo wangu. Hii ya watoto, inataka vidole vyepesi."

Mtu ameshika vumi miaka zaidi ya ishirini! Anaubeba mdundiko, ngoma ya msafara, mtaa hadi mtaa bila kuuangusha, halafu anaamini vitufe vinne vimemshinda kwa sababu vidole vimezeeka. Kauli hii nimeshaisikia kwa wazazi, kwa wanafunzi, hata kwa mafundi simu, na nimeichoka. Nafundisha ngoma hapa Bagamoyo na Patapon naicheza miaka mingi, kwa hiyo leo naieleza yote.

Kwa asiyeijua: ilitoka Japani Desemba 2007, mwaka uliofuata ikafika Ulaya na Marekani. Aliyeibuni ni Hiroyuki Kotani, na sura yake imetokana na michoro ya Mfaransa anayejiita Rolito: vijicho vyeusi vyenye miguu, hao ndio Patapon, vinavyokuabudu wewe na ngoma zako. Ngoma ziko nne, kila moja na kitufe chake: Pata, Pon, Chaka, Don. Pata pata pata pon, jeshi linakwenda mbele. Pon pon pata pon, linashambulia. Chaka chaka pata pon, linajikinga. Hayo utayashika ndani ya dakika kumi.

Sasa tuje kwenye hivyo vidole. Mapigo manne ya Patapon yanachukua kama sekunde mbili, yaani unabonyeza mara mbili kwa sekunde. Mama anayekuna nazi anakwenda kasi kuliko hapo, na anapiga soga na jirani. Wepesi unaodaiwa uko wapi?

Kinachowaangusha watu ni mapigo manne yanayofuata, yale ambayo hubonyezi chochote. Ukishapiga manne yako, Patapon wanaitikia kwa manne yao. Ukigusa kitufe wakati wanaitikia, umewakata, kombo, yaani mfululizo wa amri zisizokatika, imekufa. Ukingoja wamalize ndipo ujipange, umechelewa, imekufa vilevile. Kiitikio kinaishia palepale wito mpya unapoanzia, hakuna mwanya wa kupumua katikati. Ukiunganisha amri kumi bila kukosea, au pungufu ya hapo kama unapiga kwa usahihi mkubwa, wanaingia kwenye hali inayoitwa Fever: wanaimba kwa nguvu, wanapigana kwa nguvu. Kosa moja tu, kimya.

Jamani, huu si ugeni kwetu. Huku ni kuimbisha na kuitikia, kitu ambacho mtoto wa Pwani anakikuta nyumbani kabla hajajua kusoma. Mwimbishaji mbaya anaweza kuwa na sauti nzuri kabisa. Ubaya wake ni kuwakanyaga waitikiaji. Hajui kunyamaza. Mwanafunzi mpya ukimwambia, "Piga manne, nyamaza manne, rudi," ataurudia wito mapema karibu kila mara. Anadhani kunyamaza ni kutofanya kitu, basi anabana pumzi, anahesabu kimoyomoyo, na hesabu isiyo na sauti inakimbia. Mapigo manne yake ya kimya ni mafupi kuliko manne yake ya kupiga. Kaka yetu alifanya hivyohivyo juzi: akiwa na vumi mkononi kimya chake kimejaa, mguu unaenda, bega linaenda; akipewa PSP mwili mzima unaganda, vinabaki vidole gumba viwili vyenye wasiwasi.

Dawa yake ni mdomo na mguu. Waimbie. Wao wanapoitikia pata pata pata pon, nawe itikia nao kwa sauti, kisigino kikigonga chini. Usione aibu mbele za watu.

Na naomba msicheze mkiwa mmezima sauti. Ukingo wa skrini unawaka na kuzima kufuata pigo, na wapo wanaojivunia kucheza kwenye daladala kwa kuutazama huo tu. Binadamu hushika mapigo kwa sikio vizuri zaidi kuliko kwa kumulikwa taa. Limepimwa mara nyingi. Jambo jingine lililopimwa ni kwamba mtu akiambiwa agonge pamoja na kidundo kinacholia sawasawa, kwa kawaida hugonga kabla yake kidogo, kwa makumi machache ya milisekunde, na mwenyewe haoni. Hilo nalikubali kwa sababu nalisikia darasani kila wiki. Sababu zake wataalamu bado wanabishana, nami maelezo niliyoyasoma hayajaniridhisha.

Amri ya Don ndiyo wanayoniletea kama ushahidi wa vidole. Don, dodon, dodon. Kweli, ni mibonyezo mitano ndani ya nafasi ya mapigo manne, kwa hiyo mingine inaangukia katikati ya pigo. Lakini mwenye vidole vyepesi ndiye anayeharibu hapa kuliko wote, kwa kuwa anaibana mitano yote mwanzoni kisha anabaki na nafasi tupu mwishoni. Itamke kwanza mpaka mdomo ukae sawa.

Kuna jambo moja linaloniumiza. Mama mmoja alimleta mwanawe na simu yenye Patapon ndani ya emuleta, programu inayoifanya simu iige PSP. "Mwalimu, huyu hana mapigo kabisa." Mtoto ana hedifoni za Bluetooth masikioni. Hedifoni hizi mara nyingi huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 mpaka 250, na pigo moja la Patapon lina kama milisekunde 500 tu. Sauti hewani inakwenda takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 200 ni sawa na kumfuata mpiga vumi aliyesimama mita 68 kutoka ulipo. Wanaotembea mkiani mwa msafara mrefu wa mdundiko wanajua ilivyo kazi kucheza na ngoma iliyo mbali hivyo. Mtoto anabonyeza sawasawa na anachokisikia, simu inamhesabia amechelewa, mzazi anamwambia hana mapigo. Nilimvua hedifoni, tukaachia spika ya simu. Baada ya majaribio manne akaingia Fever. Muda wote huo amekuwa akilaumiwa kwa kosa la hedifoni.

Je, gemu hii inamfanya mtu awe mpiga ngoma? Hapo nasita. Yule kijana mwenye PSP anashikilia Fever tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho, lakini nikimweka kwenye ngoma ya chakacha anapotea. Patapon inagawa pigo kwa mbili, chakacha inaligawa kwa tatu, na sikio lake limezoea mbili mno. Pia gemu inahesabu kila kuchelewa kuwa kosa, wakati sogora, mpiga ngoma aliyebobea, huvuta pigo nyuma kidogo kwa makusudi na uwanja mzima ukasisimka. Huenda namfundisha kungoja huku gemu inamfundisha kunyooka kupita kiasi.

Kaka naye sikumwacha aondoke hivihivi. Nilipiga pata pata pata pon kwenye msondo, vijana wakaitikia kwa chapuo, zile ngoma ndogo, nikarudia. Mara ya tatu akaingia na vumi kwenye kiitikio, mahali penyewe hasa, bila mtu kumwonyesha. Kijana akamsogezea PSP. Akaitazama, akaanza kugonga kisigino kwanza.