Pavagadh: Mata, mfalme mwenye tamaa na paa lenye dargah

Kwenye nyimbo za garba, ngoma ya kuzunguka ambayo Wagujarati huicheza msimu wa Navratri, sikukuu ya siku tisa za mungu wa kike, iwe kwao India iwe hapa Dar au Nairobi, zipo zinazomtaja Kali, mungu wa kike wa Kihindu, wa mlima Pavagadh, ila wengi tunaangalia ngoma tu. Mimi kazi yangu ni mahekalu ya kale na huo mlima ndo unanisumbua kichwa kuliko yote.

Uko kama kilomita 50 toka Vadodara, Gujarat, urefu wake mita 800 hivi. Gari linakuacha sehemu iitwayo Machi, hapo unachagua miguu yako au vile vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya, na hata ukipanda waya bado kuna ngazi zaidi ya 200 zinakusubiri juu. Ndani ya hekalu la kileleni usitegemee sanamu nzima. Kalika Mata, yaani Mama Kali, ni kichwa tu, uso mwekundu na macho makubwa yanakukodolea, pembeni wapo Mahakali na Bahuchara, nao miungu wa kike. Waumini wanasema mungu Vishnu alipoukata mwili wa Sati, mke wa mungu Shiva aliyefariki, kidole cha mguu kiliangukia hapo.

Sasa stori tamu ni ya Patai Raja, mfalme wa hapo zamani. Eti usiku wa Navratri Mata alijigeuza msichana akashuka kucheza garba na wanawake, mfalme akamwona, akapagawa, akamshika nguo anamtaka, akalaaniwa palepale kwamba ufalme wake umekwisha. Na kweli 1484 Sultani Mahmud Begada akauteka baada ya kuuzingira miezi kama 20. Mi naona hii ni stori ya walioshindwa: wanakwambia Kali hakuzidiwa na sultani yeyote, aliyeharibu ni mfalme wetu wenyewe. Wajanja bana.

Ila kapaangalie sana paani. Kilele cha hekalu kilibomolewa enzi hizo, baadaye juu ya paa hilohilo pakawa na dargah, yaani kaburi la kuzuriwa, ya Sadan Shah, walii wa Kiislamu, kwa hiyo karne na karne Mhindu anasali chini, Mwislamu anazuru juu yake, na wote wamepanda mlima mmoja. Kwenye ukarabati wa juzijuzi dargah ilihamishiwa pembeni kwa makubaliano, kilele kikajengwa upya, na Juni 2022 Narendra Modi, waziri mkuu wa India, akapandisha bendera ya hekalu.

Wageni wengi wakishapiga picha hapo wanashuka zao, wanaruka hekalu la Lakulisha, mwalimu wa kale wa wafuasi wa Shiva, pale sehemu ya mlima iitwayo Mauliya, la karne ya 10 au 11, kongwe kuliko yote mlimani. Limebaki gofu lakini nakshi za mawe bado zinasomeka. Mkienda anzeni na hilo asubuhi jua halijawaka, kwa Mata foleni ipo tu.