Wino Unaopitisha Umeme: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana ninayokutana nayo mara nyingi, kwa wanafunzi wa elektroniki na hata kwa wachapaji stadi wa River Road jijini Nairobi, ni kwamba wino wa kuchapia njia za umeme, uliochanganywa na chembe za nano (ndogo mno) za madini ya fedha, hupitisha umeme pindi tu unapokauka, kwa kuwa fedha ni fedha hata ikisagwa vipi. Ukichapa mstari kwa wino wa aina hiyo juu ya plastiki, ukauacha ukauke kivulini, kisha ukaugusa kwa ncha mbili za mita, mara nyingi utakuta ukinzani (uzuiaji wa umeme) mkubwa kiasi cha kudhani kwamba umeuziwa wino bandia. Sivyo. Kila chembe, ambayo upana wake ni makumi machache ya nanomita (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), imevikwa utando wa kemikali unaoizuia kushikamana na wenzake ndani ya chupa, na utando huohuo ndio unaogeuka ukuta kati ya chembe na chembe baada ya kiyeyushi, yaani kimiminika cha wino, kuvukiza.

Kinachoufanya mstari upitishe umeme ni kuoka. Joto la kati ya nyuzi 120 na 200 za Selsiasi kwa kawaida huuondoa utando huo, chembe zikagusana, na atomu zilizo usoni mwake zikasogea na kujenga shingo ndogo za fedha baina yake. Hapa ndipo udogo unapofanya kazi yake, maana donge la fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962, lakini katika chembe ya nano sehemu kubwa ya atomu zimo usoni, hazikubanwa pande zote, na kwa hiyo huhitaji joto dogo zaidi ili zihame. Plastiki ya poliesta huanza kulegea karibu na nyuzi 80 na hujipinda joto likizidi, ilhali poliimidi, ile ya rangi ya kaharabu ambayo mafundi wa Luthuli Avenue huiona kila wanapofungua simu, huvumilia zaidi ya nyuzi 300. Anayechagua plastiki, basi, amekwisha kuchagua pia joto la tanuri lake. Zipo njia za kulikwepa tanuri, kama vile mmweko wa taa ya zenoni unaoupasha wino joto kwa muda mfupi mno kabla plastiki haijahisi, au kemikali zenye kloridi zinazouvua utando bila joto, lakini hakuna njia inayoiruka hatua yenyewe ya kuunganisha chembe.

Wengine hudhani kwamba kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo wino unavyokuwa bora. Chembe ndogo zaidi zina maana ya maungio mengi zaidi njiani, na kila ungio huuzuia umeme kidogo. Wachapaji wa skrini, wanaosukuma wino kupitia wavu, hutumia rojo zito lenye vigae bapa vya fedha vya mikromita chache (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ambavyo hulaliana kama magamba ya samaki na kubanwa pamoja gundi inapokauka na kusinyaa. Chembe za nano huhitajika hasa katika printa zinazorusha matone, kwa sababu tundu la kutolea tone lina makumi ya mikromita tu na chembe inapaswa kuwa ndogo kuliko tundu hilo takriban mara mia, la sivyo litaziba. Wino wa mashine moja usitiwe katika nyingine kwa tamaa ya kuokoa gharama.

Dhana inayowagharimu watu pesa ni ile inayosema kwamba, kwa kuwa fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, mstari wa fedha uliochapwa utaushinda ule wa shaba. Hesabu yake ni rahisi, nami huwasihi vijana waifanye kabla ya kununua chochote. Chukua mstari wenye upana wa milimita 1 na urefu wa sentimita 10, yaani miraba 100 iliyopangwa kwa safu. Rojo zuri la fedha la kuchapa kwa skrini likishaokwa huwa na takriban omu 0.01 (omu ni kipimo cha ukinzani) kwa kila mraba, hivyo mstari mzima una omu 1. Shaba ya mikromita 35 iliyo kwenye bodi za kawaida ina takriban omu 0.0005 kwa mraba, na mstari uleule unakuwa na omu 0.05. Ukipitisha ampea 2 za kuchajia simu kwenye mstari wa fedha, utapoteza volti 2 kati ya 5 na kuzalisha wati 4 za joto juu ya plastiki nyembamba. Kwa kitambuzi cha unyevu kinachotumia sehemu ndogo mno ya ampea, omu hiyo 1 haina uzito wowote, na hapo ndipo uchapaji huu unapong'ara.

Kuhusu grafini, yaani utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, pia yanasemwa mengi. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga mwaka 2004 huko Manchester, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2010, na sifa za utando wake mmoja ni za ajabu kweli. Wino wa grafini, hata hivyo, ni maelfu ya vipande vilivyorundikana, na umeme hulazimika kuvuka kutoka kipande hadi kipande, ndiyo maana mstari wetu wa miraba 100 ukichapwa kwa kaboni hufika kwa urahisi omu elfu moja au zaidi. Lakini kaboni haipati kutu kama shaba, ambayo chembe zake hujivika oksidi isiyopitisha umeme vizuri, na ni nafuu kuliko fedha. Vibanzi vingi vya kupimia sukari ya damu, vinavyouzwa katika maduka ya dawa ya jijini, vina mistari ya kaboni iliyochapwa kwa skrini.

Neno kunyumbulika nalo hueleweka vibaya. Plastiki ya milimita 0.1 ikipindwa kuizunguka kalamu yenye nusukipenyo cha milimita 5, uso wake wa nje hunyooka kwa asilimia 1, na mstari mzuri huvumilia. Ukiikunja kama noti mfukoni, mnyooko huo huongezeka mara nyingi na fedha hupasuka. Dawa yake ni plastiki nyembamba zaidi. Tena, si kila kitu huchapwa, kwani chipu ya silikoni bado hubandikwa juu ya mistari.

La mwisho linawahusu moja kwa moja wanaosafisha skrini za kuchapia. Husemwa kwamba fedha, kwa kuwa huvaliwa masikioni na vidoleni, haina madhara popote. Ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, zinazotoka katika chembe zake huua bakteria na viumbe vya majini, na maji machafu ya katikati ya mji huishia kwa urahisi katika Mto Nairobi. Vitambaa vilivyofutia wino huo, pamoja na kiyeyushi kilichooshea skrini, vitiwe ndani ya debe lenye kifuniko na kukabidhiwa wanaoshughulikia taka za kemikali.