"Kizazi" katika Pokémon: neno la kulijua kabla hujarudi kucheza

Kama ulicheza Pokémon utotoni, ukaiacha, na sasa moyo unakutuma urudi, kitu cha kwanza utakachokutana nacho si kiumbe bali ni neno. Ukiuliza ununue gemu ipi, utaulizwa: "Uliishia kizazi cha ngapi?" Ukitaja HeartGold, utaambiwa hiyo ni ya kizazi cha nne, ila hadithi yake ni ya kizazi cha pili. Mtu aliyekaa miaka ishirini bila kushika kifaa atajiona mgeni katika nyumba aliyokulia. Nami nilijiona hivyo. Nikaja kugundua kwamba neno hilo moja, ukilielewa sawasawa, linakupa zaidi ya nusu ya jibu.

Kizazi ni kundi la gemu zilizotoka katika kipindi kimoja, zenye orodha moja ya viumbe na kanuni zilezile za pambano. Kizazi kipya huhesabiwa pale inapotoka jozi ya gemu yenye nchi mpya na kundi zima la viumbe ambao hawajawahi kuonekana. Hesabu ilianza Japani tarehe 27 Februari 1996, zilipotoka Red na Green za Game Boy, kifaa cha mkononi cha Nintendo. Muasisi wa gemu hizi, Satoshi Tajiri wa kampuni ya Game Freak, alikuwa mtoto wa kukamata wadudu. Alipoiona waya inayounganisha Game Boy mbili, aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Ndiyo sababu gemu hizi hutoka pachapacha: wapo viumbe wanaopatikana kwenye moja tu, na ukiwataka wote huna budi kumtafuta mwenzako mbadilishane.

Kizazi cha 1 kilikuwa na viumbe 151. Gold na Silver za 1999 zikafungua cha 2, wakawa 251. Cha 3 ni Ruby na Sapphire za Game Boy Advance, 2002, viumbe 386. Diamond na Pearl, 2006, zilihamia kifaa cha DS na kufungua cha 4. Black na White, 2010, zikafuata kwenye DS hiyohiyo na kufungua cha 5. X na Y za 2013 zilianza cha 6 kwenye 3DS, Sun na Moon za 2016 zikaanza cha 7. Kisha kikaja kifaa cha Switch: Sword na Shield mwaka 2019 kwa kizazi cha 8, Scarlet na Violet mwaka 2022 kwa cha 9, na leo orodha nzima imevuka viumbe elfu moja. (Miaka hii ni ya Japani. Zamani nchi nyingine zilisubiri. Marekani ilizipata gemu za kwanza mwaka 1998, kwa majina ya Red na Blue. X na Y ndizo za kwanza kutoka dunia nzima kwa siku moja.)

Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu kizazi si hadithi, wala si kifaa. FireRed na LeafGreen za 2004 zinakurudisha Pallet Town, kwa Profesa Oak, mezani penye viumbe watatu uchague mmoja, sawa kabisa na ulivyofanya kwenye Red. Lakini ni gemu za kizazi cha 3, maana mashine inayoendesha pambano ndani yake ni ya Ruby. Brilliant Diamond na Shining Pearl za 2021 zinasimulia hadithi ya kizazi cha 4 zikiwa za kizazi cha 8. Na Let's Go, Pikachu! pamoja na pacha wake, Let's Go, Eevee!, zipo kwenye Switch, lakini zinahesabiwa kizazi cha 7, kwa sababu zilitoka 2018, kabla ya Sword. Basi ukisikia kizazi, usiulize "inasimulia nini?" Uliza "ilitengenezwa lini, kwa kanuni zipi?"

Na kanuni ndiyo nyama yenyewe. Mchukue Gyarados. Kila aliyecheza Red anamkumbuka yule muuzaji wa kituo cha matibabu kilicho karibu na Mt. Moon, anayekushawishi ununue Magikarp kwa pesa 500 za mchezo. Samaki hajui kitu ila kurukaruka. Unamvumilia, unamlea, na akifika levo ya 20 anageuka joka la baharini, Gyarados. Wengi wetu tulimpenda Gyarados kwa subira ile, tukampa mapigo ya maji, tukaona tumemaliza.

Kumbe kulikuwa na hesabu chini ya meza. Kiumbe ana nguvu za mwili na nguvu maalumu, na kila pigo hutumia moja kati ya hizo. Kizazi cha 1 kilikuwa na namba moja tu ya nguvu maalumu, na ya Gyarados ilikuwa 100. Kizazi cha 2 kikaigawa: ya kushambulia ikawa 60, ya kujikinga ikabaki 100. Nguvu zake za mwili ni 125. Lakini zama hizo mapigo yote ya maji yalihesabiwa kwa nguvu maalumu, hata Waterfall, ambapo joka anamkumba adui kwa mwili wake mzima. Kwa hiyo kwenye Gold, Gyarados wako alikuwa akipigana kwa mkono dhaifu huku mkono wenye nguvu umefungwa mgongoni. Kizazi cha 4 ndicho kilichomfungua: tangu Diamond na Pearl kila pigo linaamuliwa lenyewe, la mwili au maalumu, na Waterfall ikawa ya mwili. Joka ni lilelile, jina lilelile, pigo lilelile, ila sasa linauma kweli.

Mimi niliishia kizazi cha 2, kwa kaseti ya Gold aliyoniletea mjomba kutoka Dubai, na nilirudi kwa HeartGold, ambayo ni Gold ileile iliyofanywa upya kwa DS mwaka 2009. Nilimlea Gyarados kwa mazoea. Mara ya kwanza alipotumia Waterfall nikaiona damu ya adui ikishuka hadi mwisho kwa pigo moja, nilidhani nimekosea kusoma skrini. Nikarudia pambano lingine kuhakikisha. Mabadiliko ya kizazi huyahisi kwenye vidole kabla hujayaelewa kichwani.

Yapo mengine utakayoyagusa mapema. Zamani, kwa kawaida aliyepata uzoefu ni yule aliyeingia pambanoni. Kwenye kizazi cha 6 kifaa cha Exp. Share kilianza kugawia kikosi kizima, na tangu Sword na Shield hakuna namna ya kukizima. Anayependa kumlea kila mmoja kwa mkono wake hukereka na jambo hili, na ninamwelewa. Kwa upande mwingine, ule ulazima wa kutembea na kiumbe mmoja kama punda wa mizigo kwa ajili ya Cut, Surf na Strength, mapigo ya kufungulia njia, uliondolewa kizazi cha 7, na sijamsikia mtu akiulilia. Lugha nayo: hadi kizazi cha 5, kaseti ya Kijapani ni ya Kijapani tu. Kuanzia X na Y unachagua lugha mwanzoni mwa mchezo. Kiswahili hakimo, lakini angalau ukiuziwa kaseti ya Switch kutoka Japani hutakwama, kwa kuwa Switch haibagui nchi. 3DS hubagua: kaseti ya Japani haitawaka kwenye 3DS ya Ulaya.

Kizazi pia ni mpaka, na hili linawahusu wenye hazina ya zamani kabatini. Kati ya cha 1 na cha 2 viumbe walipita kwa waya, kwenda na kurudi. Kati ya cha 2 na cha 3 kuna ukuta usio na mlango. Kiumbe uliyemkamata kwenye kaseti ya Silver hatavuka kamwe kwenda cha 3. Kuanzia cha 3 njia ipo, lakini ni ya kwenda tu. Treecko wa kaseti ya Ruby anapanda DS yenye tundu la kaseti za Advance, anaingia Diamond, anavuka kwenda Black, kutoka hapo anapanda Pokémon Bank, hifadhi ya mtandaoni ya 3DS, kisha Pokémon Home, na mwisho Switch. Daraja la Bank ndilo la kuangalia: duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa tarehe 27 Machi 2023, kwa hiyo asiyekuwa na programu hiyo kabla ya siku ile hawezi tena kuinunua 3DS mtumba akaipakua. Na hata wakivuka, tangu Sword na Shield gemu kuu haibebi tena viumbe wote. Kabla hujanunua, hakikisha kipenzi chako yumo. Nimeona watu wazima wakiumia kwa kumkosa kiumbe mmoja, na siwaoni wa ajabu.

Sasa uchague nini? Ushauri wangu haubadiliki: usirudi kwenye kaseti ileile uliyoiacha. Rudi kwenye hadithi yako, lakini katika kizazi kilichokuja baadaye. Aliyeishia Red au Gold, akiwa na DS au 3DS, atafute HeartGold au SoulSilver. Utazunguka Johto yote, nchi ya Gold, kisha Kanto, nchi ya Red, beji kumi na sita, na kiumbe wa kwanza kikosini anatembea nyuma yako njia nzima. Ukimgeukia na kumsemesha, anakujibu. Sijui gemu nyingine ya msururu huu inayomkaribisha aliyerudi kwa upole kama hiyo. Shida yake ni bei, kwa sababu kaseti mpya hazitengenezwi na mtumba wake unagombewa. Aliyeishia Ruby ana Omega Ruby na Alpha Sapphire za 2014 kwenye 3DS.

Kama una Switch tu, na huna nia ya kununua kifaa cha pili, Let's Go ni nzuri kwa anayetaka Kanto pamoja na mtoto wake, maana wawili wanaweza kucheza pamoja kwenye skrini moja, na kiumbe wa porini anakamatwa kwa kurushiwa mpira bila kupigana naye kwanza. Kama ulikuwa unapenda kukamata kuliko kupambana, Legends: Arceus ya 2022 iliandikwa kwa ajili yako, unanyata kwenye majani, unalenga, unarusha. Scarlet na Violet nazipenda, ila singemwanzishia mtu hapo. Dunia yake iko wazi pande zote tangu mwanzo, na aliyezoea kuongozwa njia kwa njia hupotea. Pia zilitoka na matatizo ya utendaji ambayo Nintendo wenyewe waliyaomba radhi.

Bado utaniambia unaitaka ileile ya utotoni, kwa harufu yake na mlio wake. Haya. Basi ujue betri. Kaseti za vizazi 1 na 2 hushikilia mchezo uliohifadhi kwa betri ndogo ya duara iliyochomelewa ndani, na ile ya Gold na Silver huisha haraka zaidi kwa sababu inaendesha pia saa ya mchana na usiku. Mimi nilinunua Silver ya mtumba, nikacheza jioni nzima, nikahifadhi, nikalala. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari miwili tu: New Game na Option. Ule wa Continue haukuwepo. Muuzaji hakuwa amesema neno. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anaibadilisha betri kwa dakika chache, lakini mwambie aibadilishe kabla hujaanza, si baadaye. Ruby, Sapphire na Emerald zina betri pia, ila hiyo ni ya saa peke yake: ikifa, gemu itakuonya kuwa betri imekauka, nawe utaendelea kucheza na kuhifadhi kama kawaida, matunda uliyopanda ndiyo hayatakua. FireRed na LeafGreen hazina betri kabisa.

Na feki zimejaa, hasa za Advance na DS. Kwa kaseti ya Advance, tazama karibu na meno ya shaba yanayoingia kwenye kifaa: kwenye ubao wa kaseti halisi jina la Nintendo limechapwa pale, linaonekana ukiinamisha kwenye mwanga. Kwa HeartGold, SoulSilver, Black na White kuna alama rahisi zaidi. Kaseti hizo zina kifaa cha miale ya infraredi ndani, ndiyo maana plastiki yake ni nyeusi, na ukiielekeza kwenye taa kali unaona wekundu wa mbali ukipenya. Kaseti nyingi za kawaida za DS ni za kijivu. Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, mwombe muuzaji picha ya nyuma ya kaseti, juani. Ikiwa ni HeartGold na plastiki yake ni ya kijivu, mshukuru na umwachie.