Karanga Zipimwe Kabla Hazijafika Mkononi

Mtu aliyekula mkate anajua amekula vipande vingapi. Aliyekula mayai anajua idadi yake. Lakini muulize amekula karanga kiasi gani, atakunja kiganja akuonyeshe: "Kidogo tu." Wala hadanganyi. Karanga, korosho, lozi na vinginevyo vya jamii hiyo huliwa punje kwa punje, mara nyingi mtu akiwa anazungumza, anasoma au anatazama televisheni, na hakuna anayejua vilianza saa ngapi wala vilikwisha saa ngapi. Sisi tunaotoa ushauri wa lishe tunaona mara kwa mara jinsi vitafunwa hivi vinavyosahaulika mtu anapoulizwa alichokula tangu asubuhi.

Niseme mapema kwamba sikusudii kumkataza mtu karanga. Ni chakula kizuri mno. Zina protini, nyuzinyuzi, madini ya magnesi, na mafuta ambayo kwa sehemu kubwa ni yale yanayoufaa moyo. Huko Hispania ulifanyika utafiti mkubwa unaojulikana kama PREDIMED, uliochapishwa 2013 na kuchapishwa upya 2018 baada ya hesabu zake kurekebishwa. Kundi moja lilifuata mlo wa Mediterania, yaani wenye mboga, matunda, samaki na mafuta ya zeituni kwa wingi, na kupewa kila siku mchanganyiko wa walnati, lozi na hazelnati. Matukio makubwa ya moyo na kiharusi yalikuwa machache katika kundi hilo kuliko kwa walioshauriwa kupunguza mafuta. Habari hiyo ilienea sana. Kilichoachwa nyuma ni kipimo chenyewe: walipewa gramu 30 kwa siku, kiasi kinachofunika kiganja tu.

Kwa nini kidogo hivyo? Gramu moja ya mafuta ina takriban kalori 9, ilhali gramu moja ya protini au ya wanga ina 4. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na kwenye makadamia ni kama robo tatu. Ndiyo maana gramu 100 za karanga hukaribia kalori 570, na za makadamia hupita 700. Gramu 30 za karanga, yaani kalori 170 hivi, zina nishati sawa na robo kilo ya zabibu mbichi. Robo kilo ya zabibu ni maji kwa sehemu kubwa, hujaza tumbo, na mtu huichoka kabla haijaisha. Gramu 30 za karanga huisha kabla mazungumzo hayajanoga. Anayerudia mara mbili bila kukusudia ameongeza kalori 340 juu ya milo yake, na wala hakumbuki kuwa amekula.

Vipeperushi vingi vya lishe hushauri konzi moja ya mkono. Kwa aliye safarini ushauri huo unatosha. Kwa mtu anayehangaika kujua kwa nini uzito wake unapanda, nauona dhaifu. Mikono haifanani, na konzi ya mtu mwenye njaa si konzi ya mtu aliyeshiba. Tena mkono ukishaingia kwenye kopo mara moja, huingia tena. Kikombe nacho hupotosha, kwa sababu kikombe cha mililita 240 kikijaa lozi nzima huchukua takriban gramu 140, na hizo zinapita kalori 800. Kuna watu ambao hiyo kwao ni zaidi ya theluthi moja ya nishati wanayohitaji kwa siku nzima.

Kipimo cha kuaminika ni mizani ndogo ya jikoni, ile inayosoma gramu moja moja. Weka bakuli tupu juu yake, bonyeza kitufe kinachorudisha sifuri, kisha mimina mpaka isome 30. Funika kopo, lirudishe kabatini, ndipo ukae kula. Watu wengi hupima vizuri kabisa halafu wakaacha kopo wazi mezani. Ukilazimika kuchagua moja tu kati ya kupima na kuliondoa kopo, liondoe kopo. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba chakula kinapowekwa kingi mbele ya mtu, hula zaidi, hata kama njaa yake ni ile ile.

Siagi ya karanga huwasumbua wengi kwa sababu hung'ang'ania kijiko. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa huchukua gramu 16 hivi, karibu kalori 95. Kilichojaa kwa kilima kinaweza kufika mara mbili ya hapo. Fanya hivi: weka chupa nzima juu ya mizani, rudisha sifuri, kisha chota. Namba itakayosomeka chini ya sifuri ndiyo uliyochota. Hakuna chombo cha ziada cha kuosha.

Zenye maganda zipime baada ya kuzimenya, au kumbuka kwamba ganda nalo lina uzito: kwa karanga ni kama robo ya uzito wote, kwa pistashio karibu nusu. Hata hivyo maganda ni rafiki wa mlaji. Utafiti mdogo uliochapishwa 2011 uliwalinganisha watu waliopewa pistashio zenye maganda na waliopewa zilizomenywa. Wa kwanza walikula takriban asilimia 40 pungufu ya kalori. Kumenya huchukua muda, na maganda yaliyorundikana mezani humwonyesha mtu alikofika.

Sidhani mtu anapaswa kupima kila punje maisha yake yote. Wiki chache zinatosha kulizoesha jicho. Chagua bakuli moja dogo, tazama gramu 30 zinafika wapi ndani yake, na bakuli hilo liwe ndilo la kazi hiyo siku zote. Asiye na mizani ahesabu: lozi 23 hivi, korosho 18 hivi, au makadamia 10 hadi 12, kila fungu likiwa karibu na gramu 28. Pakiti ya gramu 300 inaweza kugawanywa siku ile ile inaponunuliwa katika vikopo kumi, na kazi ikawa imeisha.

Ukisoma lebo, tazama kwanza uzito wa pakiti nzima. Watengenezaji wengine huandika kalori za kipimo kimoja kwa maandishi makubwa, huku pakiti ikiwa na vipimo vitano au sita. Zilizopakwa sukari au chokoleti zina hesabu yake tofauti. Zilizokaangwa kwa mafuta hazizidi sana zilizokaangwa kavu kwa kalori. Tofauti kubwa mara nyingi iko kwenye chumvi.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji makini huniuliza. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima nishati ambayo mwili wa binadamu hupata kwa kweli kutoka kwenye lozi, wakaona gramu 28 hutoa kalori 129 badala ya 170 hivi zilizokuwa zikikadiriwa kwa hesabu ya kawaida. Sababu ni kwamba meno hayavunji kila chembe hai (seli) ya lozi, na mafuta yaliyofungiwa ndani ya kuta za chembe hizo hutoka na choo. Basi, je, kupima hakuna haja? Haja ipo. Nafuu hiyo hutofautiana kati ya aina na aina, na kwa pistashio ilionekana kuwa ndogo sana. Tena lozi zikisagwa kuwa siagi, kuta zile huvunjika na mafuta huachiwa, kwa hiyo nafuu yenyewe hutoweka. Wala kalori 129 zikirudiwa mara nne kwa siku hazigeuki kuwa kidogo.

Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima hata moja, kwa sababu zinaweza kuwakaba. Wapewe zilizosagwa laini, ikiwa hawana mzio. Na zilizoota ukungu au zenye ladha chungu isiyo ya kawaida zitupwe zote, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa.

Wapo pia wanaohitaji kipimo hiki kwa upande wa pili. Mzee asiye na hamu ya kula, mgonjwa anayepata nafuu, au mtu aliyekonda kupita kiasi hawezi kumaliza sahani kubwa. Kwake wingi wa nishati katika kiasi kidogo ni msaada. Vijiko viwili vya siagi ya karanga vikikorogwa ndani ya uji humwongezea kalori 190 hivi na gramu 7 za protini, na bakuli lake halibadiliki ukubwa. Anayemhudumia apime naye, aandike, na amwonyeshe mtaalamu wa lishe kiasi kilicholiwa kweli, kwa maana kwa mgonjwa kama huyo "kidogo tu" huwa ni kidogo mno.