Aliyemng'oa Kaisari: umati au majenerali?

Nimesahihisha insha za wanafunzi wiki nzima na nimekutana tena na sentensi ile ile: wananchi wa Ujerumani walichoshwa na njaa, wakaingia barabarani, Kaisari akakimbia. Wengine wanashikilia kwamba majenerali ndio waliomtoa kafara. Pande zote mbili zinamruka askari wa kawaida, na hilo linaniudhi.

Niyapite ya mwanzo haraka. Tarehe 29 Septemba 1918, kule Spa, makao makuu ya jeshi la Ujerumani nchini Ubelgiji, majenerali wakuu Ludendorff na Hindenburg walimweleza Kaisari Wilhelm II kwamba vita imeshindikana, mapigano yasitishwe, na serikali itokane na bunge. Max von Baden akawa chansela, na 28 Oktoba katiba ikabadilishwa. Hadi hapo umati haujaonekana. Lakini kiti cha enzi nacho bado kipo! Wakubwa walikuwa wamempunguzia Kaisari madaraka tu.

Kisha wakaja mabaharia. Waliagizwa kwenda kupigana na Waingereza vita ilipokuwa imeshashindikana, wakagoma. Kufikia 4 Novemba, Kiel, bandari ya jeshi lao la majini, ilikuwa mikononi mwao. Usiku wa tarehe 7, Ludwig III, mfalme wa Bavaria, alikimbia mji wake mkuu, München, na ukoo uliotawala Bavaria tangu 1180 ukawa umekwisha. Hakuna jenerali aliyemwendea kumwomba aondoke.

Sasa turudi Spa, asubuhi ya 9 Novemba. Wilhelm anataka kuongoza jeshi lirudi nyumbani kuzima maasi. Maofisa 39 wameletwa kutoka mstari wa mbele, na wanaulizwa kama hilo linawezekana. Mmoja anasema ndiyo, 15 wana mashaka, 23 wanasema hapana. Tafadhali soma hapo taratibu. Hawakuulizwa kama wao wenyewe wanampenda mfalme. Walikuwa wanaulizwa kuhusu vijana wao wa kwenye mahandaki. Groener, jenerali aliyechukua nafasi ya Ludendorff, alipomwambia Kaisari kwamba jeshi litarudi nyumbani chini ya makamanda wake, wala si chini yake yeye, mdomo ulikuwa wa jenerali, lakini habari ilitoka kwa kuruta. Berlin nako, kikosi cha Jäger (askari wepesi wa miguu) kutoka Naumburg, kilichotegemewa kuliko vyote, kilikuwa kimeshahamia upande wa Wasoshalisti.

Adhuhuri Max akatangaza kwamba Kaisari amejiuzulu, bila idhini ya mwenyewe. Saa nane hivi Scheidemann, Msoshalisti, akatangaza jamhuri kutoka jengo la bunge, na Ebert, kiongozi wa chama chake, akamkasirikia. Wilhelm alikuja kutia saini hati ya kujiuzulu 28 Novemba, akiwa Uholanzi. Maana yake askari wetu waliokuwa na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, waliweka silaha chini kule Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25, kabla mfalme waliyempigania hajasaini.

Linalonisumbua bado ni hili. Ebert mwenyewe, tarehe 6 Novemba, alimsihi Groener kwamba Kaisari aondoke ili ufalme ubaki. Je, kama Wilhelm angemwachia mjukuu wake kiti mwezi Oktoba? Nimewahi kufundisha kwamba ufalme ungepona. Mwaka uliofuata nikafundisha kinyume, kwa sababu ya München: Ludwig hakuwa Wilhelm, na hakupona. Lakini kila nikirudia maneno ya Ebert, nayumba tena.