Pimeni Kwenye Mdomo wa Bomba

Juzi, kwenye kikao cha wakazi kuhusu bomba linalomwaga majitaka baharini, mheshimiwa mmoja alisimama akasema tena: "Bahari ni kubwa, itayachukua." Wengi wakaitikia kwa kichwa. Nachota sampuli za majitaka hapa Mombasa miaka mingi sasa, na hakuna kauli inayonichosha kama hii.

Mkono wa bahari wa Tudor si bahari kuu. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji huingia na kutoka kwa nguvu. Yakifika maji mafu, siku za kujaa na kupwa kidogo, kule ndani kwenye mikoko yanasogea kidogo yakarudi, na uchafu unabaki palepale.

Linalonikera zaidi limejificha ndani ya kauli yenyewe: kwamba mchafuzi ahukumiwe kwa hali ya bahari, si kwa alichomwaga. Seneta Edmund Muskie wa Marekani aliiona kasoro hii mapema. Alizaliwa Rumford, jimbo la Maine, mji wa kiwanda cha karatasi kando ya mto Androscoggin, ambao ulichafuka vibaya. Sheria yao ya maji ya 1965 iliyataka majimbo yaweke viwango vya ubora wa mito. Sasa mto ukioza, na viwanda vimepangana ukingoni, utamshtaki nani? Kila mmoja anamnyooshea kidole aliye juu yake. Ndipo Muskie akaisukuma sheria ya 1972, na Bunge likaipitisha ingawa Rais Nixon aliikataa. Tangu hapo kila bomba lilihitaji kibali, na kikomo kikapimwa pale majitaka yanapotoka. Hakuna mwenye haki ya kuchafua maji, huo ndio uliokuwa msimamo.

Kanuni zetu za 2006 zilishika njia hiyohiyo: BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu, isizidi miligramu 30 kwa lita; COD, oksijeni ya kuuvunja uchafu kwa kemikali, 50; na TSS, chembe ngumu zilizomo majini, 30. Anayeniambia nikachote katikati ya maji yaliyojaa anataka niipime bahari nimwache yeye.

Hewa ina mantiki yake. Sheria ya Muskie ya 1970, iliyopita Seneti kwa kura 73 kwa 0, ilianzia kwenye afya ya anayevuta ile hewa. Sisi tunacho kitongoji cha Owino Uhuru, hapa Mombasa: madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri iliingia kwenye damu ya watoto. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliyotolewa na mahakama hapa Mombasa mwaka 2020 ilitenguliwa kwenye rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipoirudisha Desemba 2024.

Nakiri kipimo cha bomba kina matundu. Fungulia maji safi yachanganyike na majitaka, namba itashuka na uchafu utakuwa uleule. Ndiyo maana naomba kuona mita ya maji kabla sijafungua chupa. Tena chupa moja inaeleza saa moja tu. Kubwa zaidi, majitaka mengi ya mji huu hayana bomba. Yanatoka kwenye vyoo vya shimo vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, yakapenya hadi visimani, kisha baharini. Sheria ya Muskie nayo iliyaacha nje ya vibali maji ya mvua yanayosomba mbolea mashambani. Hapo kibali hakinisaidii, na sijaona kanuni inayonitosheleza.

Ila mheshimiwa hakuwa akizungumzia vyoo vya shimo. Alizungumzia bomba moja, lenye mwenyewe, tuliloliona sote kutoka pale tulipoketi.